Kuwafundisha Watoto Kutazama: Misingi ya Picha na Mpangilio Wake katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Mtoto wa shule ya msingi hukutana na picha kabla hajaijua herufi ya kwanza. Huziona katika kalenda ukutani, katika pakiti za sabuni, katika magazeti yanayofungiwa maandazi, na siku hizi katika simu za wazazi wake. Afikapo darasa la kwanza, kitabu chake humpa picha nyingi kuliko maneno. Hata hivyo ni nadra kumfundisha namna ya kuitazama picha, kwa kuwa twadhani kwamba jambo hilo huja lenyewe. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika somo hili tunashauri kwamba aambiwe, tena afundishwe kwa hatua.

Makala haya yamekusudiwa kwa wanachuo wanaojiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha. Nia yake ni kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kufundisha misingi ya upigaji picha na mpangilio wa picha kuanzia darasa la 5, hata pale ambapo shule haina kamera. Rai yetu ni moja: kila picha ni matokeo ya uchaguzi wa mtu. Mtu huyo amechagua mahali pa kusimama, wakati wa kupiga, kitu cha kuingiza na kitu cha kuacha nje. Mtoto aliyekwisha kufanya uchaguzi huo kwa mikono yake ataweza kuiuliza maswali picha iliyopigwa na mwingine. Asiyewahi kuufanya ataichukua picha kuwa ndiyo kitu chenyewe.

Kazi hii tumeigawa katika hatua 5, na kila hatua yaweza kutoshea katika kipindi kimoja au viwili. Darasa lenye watoto 60 ligawanywe katika makundi 10 ya watoto 6, ili kila mtoto apate kushika chombo na kutazama.

Hatua ya kwanza: Kopo la giza

Somo lianze na mwanga, maana pasipo mwanga hapana picha. Vifaa vinavyotakiwa hupatikana kijijini na mjini: kopo tupu la maziwa ya unga, msumari, sindano, kipande cha karatasi ngumu, gundi, mpira wa kufungia, na karatasi nyembamba nyeupe iliyopakwa mafuta kidogo ya kupikia mpaka ipenyeshe mwanga.

Mwalimu atoboe kitako cha kopo kwa msumari, tundu lipate upana wa penseli. Juu ya tundu hilo abandike karatasi ngumu, kisha aitoboe katikati kwa sindano ili kubaki kitundu cha upana wa milimeta 1 hivi. Mdomo wa kopo ufunikwe kwa ile karatasi ya mafuta, ikazwe vizuri na kufungwa kwa mpira. Mtoto aelekeze kitundu kwenye mti au jengo lililo juani, ajifunike khanga au kitambaa kizito kichwani pamoja na mdomo wa kopo, kisha atazame ile karatasi. Ataona taswira ya mti, yenye rangi zake, na matawi yakicheza kwa upepo; lakini mti umepinduka, shina juu na matawi chini. Mwalimu akataze kabisa kulielekeza kopo, au kamera yoyote, kwenye jua lenyewe, kwa sababu jua huweza kudhuru macho.

Watoto watauliza kwa nini mti umepinduka. Mwalimu asiwahi kujibu. Awachoree ubaoni mti, kitundu na karatasi, na kuwataka wapige mstari kwa rula kutoka kileleni mwa mti kupitia kwenye kitundu, na mwingine kutoka shinani. Mistari hiyo hupishana kwenye kitundu, na wa juu huangukia chini. Hivyo watagundua wenyewe kwamba mwanga husafiri katika mstari ulionyooka.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, alilieleza mwanzoni mwa karne ya 11 katika kitabu chake kiitwacho Kitab al-Manazir. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu lililoelekea chumba chenye giza, naye akaona kila taa imetoa doa lake la mwanga ukutani. Alipoiziba taa moja, doa moja tu lilitoweka, na mengine yakabaki mahali pake. Jaribio hilo laweza kurudiwa darasani kwa mishumaa 3 na kopo letu. Watoto wajue kwamba elimu ya kamera haikuanza kiwandani.

Kopo hilo linafaa vilevile kwa somo la hesabu. Urefu wa taswira ukilinganishwa na urefu wa kitu ni sawa na kina cha kopo kikilinganishwa na umbali wa kitu. Chukua kopo lenye kina cha sentimeta 15 na mti wenye urefu wa meta 6 ulio umbali wa meta 9. Taswira yake itakuwa na urefu wa sentimeta 10. Mtoto akirudi nyuma hadi meta 18, taswira itakuwa sentimeta 5. Hapo ndipo anapojifunza kanuni ya kwanza ya mpigapicha: ukubwa wa kitu katika picha hutegemea mahali ulipoamua kusimama.

Hatua ya pili: Mwanga na muda

Kundi moja lipanue kitundu chake kwa ncha ya penseli, kisha lilinganishe na makundi mengine. Taswira itang'aa zaidi, lakini kingo zake zitafifia. Watoto wameshakutana na tatizo la kila kamera: namna ya kupata mwanga wa kutosha pasipo kuharibu taswira. Lenzi ilibuniwa kupunguza tatizo hilo, kwa kuwa huukusanya mwanga mwingi na kuuleta pamoja mahali pamoja.

Kamera yenye lenzi hupima mwanga kwa njia tatu. Ya kwanza ni upana wa mwanya wa lenzi. Ya pili ni muda ambao mwanga unaachwa kuingia. Ya tatu ni wepesi wa filamu, au wa kifaa kilichochukua mahali pa filamu, katika kuuhisi mwanga. Wepesi huo huandikwa kwa namba za ISO. Namba za mwanya, yaani 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16, huwachanganya wengi kwa kuwa namba kubwa humaanisha mwanya mdogo. Mtoto anayejua sehemu hatashangaa. Namba hizo ni asili ya sehemu, na 1/16 ni ndogo kuliko 1/4. Kila tunapopanda hatua moja katika mfululizo huo, mwanga unaoingia hupungua kwa nusu.

Wapigapicha wa filamu walikuwa na kanuni nyepesi ya kukumbuka, ambayo ingali sahihi. Juani, pasipo mawingu, tumia mwanya wa 16, na muda uwe sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100, muda ni 1/100 ya sekunde. Kivulini mwanga waweza kupungua mara 8 au zaidi, ndiyo maana mwanya hauna budi kupanuliwa au muda kuongezwa. Simu hufanya hesabu hii yenyewe, lakini mwalimu anayeielewa ataweza kueleza kwa nini picha ya ndani ya darasa imetoka na ukungu: muda ulikuwa mrefu na mkono ukatikisika.

Muda huamua pia ni nani ataonekana. Picha ya kale kuliko zote za kamera zilizosalia ilipigwa na Nicéphore Niépce huko Ufaransa mnamo 1826 au 1827, naye aliacha mwanga uingie kwa saa nyingi. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris kutoka dirishani. Muda ulikuwa umepungua, lakini bado ulikuwa wa dakika kadhaa. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha inaonekana tupu, kwa sababu waliokuwa wakitembea hawakukaa mahali pamoja kiasi cha kuacha alama. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama kupigiwa viatu rangi, na kando yake yule aliyekuwa akimhudumia. Wengi huihesabu picha hiyo kuwa ndiyo ya kale kuliko zote zinazoonyesha watu.

Tunawashauri wanachuo kuusimulia mfano huu darasani, kisha kuuliza: Je, picha hii ni ya kweli? Waache watoto wabishane. Hapana kilichoongezwa katika picha ile, lakini atakayesema kwamba Paris ilikuwa mji usio na watu atakuwa amekosea.

Hatua ya tatu: Dirisha la kadibodi

Sasa tufike kwenye mpangilio. Kila mtoto akate katika kadibodi dirisha lenye upana wa sentimeta 12 na kimo cha sentimeta 9. Atie alama kila baada ya sentimeta 4 upande wa upana na kila baada ya sentimeta 3 upande wa kimo, kisha afunge nyuzi 4 kupitia alama hizo. Dirisha litakuwa na vyumba 9 vilivyo sawa. Akilikaribisha jichoni ataona eneo kubwa. Akinyoosha mkono ataona eneo dogo. Afumbe jicho moja, maana kamera ina jicho moja.

Watoto watoke nje na madirisha yao, na mwalimu awaongoze kuchunguza mambo manne.

(a) Mpaka. Nini kimo ndani, nini kimebaki nje? Je, mpaka umemkata mtu shingoni au magotini?

(b) Mahali pa kusimama. Mtoto mdogo akitazamwa kutoka juu huonekana mdogo zaidi na mnyonge. Mpigapicha akichutama hata macho yake yakalingana na ya mtoto, picha humpa mtoto heshima. Mtu akitazamwa kutoka chini huonekana mrefu na mwenye nguvu.

(c) Mahali pa kitu kikuu. Kitu kikiwekwa katikati kabisa, aghalabu picha hutulia mno. Kikiwekwa karibu na mahali nyuzi zinapokutana, jicho hupata nafasi ya kutembea. Mtu anayetazama upande fulani aachiwe nafasi upande huo. Hii ni kanuni ya kusaidia, si sheria, na mwalimu asimkosoe mtoto kwa kuivunja endapo anaweza kueleza sababu yake.

(d) Usuli. Kilicho nyuma ya mtu ni sehemu ya picha. Mlingoti wa bendera uliosimama nyuma ya mwanafunzi huonekana kana kwamba umeota kichwani mwake. Hatua moja kushoto au kulia hutosha kuondoa kasoro hiyo.

Baada ya hapo kila mtoto achague mandhari moja na kuichora kwa penseli kama anavyoiona dirishani, mara 3: kwa mbali, kwa karibu, na akiwa amechutama. Michoro isihukumiwe kwa ufundi wa mkono. Ihukumiwe kwa jibu la swali moja: Kwa nini umechagua hivi?

Zoezi linalozaa mazungumzo mengi kuliko yote ni hili. Makundi yapewe kichwa kimoja, "Shule Yetu", na kila kundi lichore picha moja tu. Kundi moja laweza kuchagua maua yaliyo mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, na jingine dirisha lililovunjika. Michoro hiyo ibandikwe ubaoni sawia, na darasa liulizwe ipi ni shule yetu. Mwalimu awe tayari kwa majibu asiyoyapenda, wala asimwadhibu aliyechora dirisha lililovunjika. Hapa ndipo kiini cha somo kilipo. Kila mchoro umesema jambo la kweli, na kila mmoja umenyamazia jingine.

Hatua ya nne: Uso wa mtu

Picha nyingi zinazopigwa shuleni ni za watu, na nyingi huharibika kwa sababu moja. Mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi, aliyevaa shati jeupe, husimamishwa mbele ya ukuta mweupe saa 6 mchana. Shati huonekana barabara, ukuta huonekana barabara, na uso hugeuka kivuli kisicho na macho. Wengi hudhani kosa ni la rangi ya mtoto. Kosa ni la uchaguzi.

Sababu ni mbili. Kwanza, kipimo cha mwanga ndani ya kamera hukadiria kwamba vitu vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vina wastani wa rangi ya kijivu. Kikikutana na weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso mweusi hupoteza sehemu yake. Pili, katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua la mchana hukaa utosini. Paji la uso hung'aa na macho huzama gizani.

Tiba yake ni nyepesi. Piga picha asubuhi au alasiri, au msogeze mtu kwenye kivuli cha mwembe au cha baraza, uso wake ukielekea mahali penye uwazi wa mbingu. Chagua usuli usiong'aa kuliko uso: majani, ukuta wa udongo, mlango wa mbao. Mtoto mwingine ashike karatasi nyeupe ya manila chini ya kifua cha anayepigwa picha, nje ya mpaka, ili irudishe mwanga machoni. Kwa simu nyingi, gusa uso katika kioo, na kamera itapima mwanga wa uso badala ya ukuta.

Wanachuo wafahamu kwamba tatizo hili lina upande mwingine. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia filamu huko Marekani zilisahihisha rangi kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe. Rangi za ngozi nyeusi hazikuwa katika kipimo hicho, nazo ziliumia. Baadaye filamu na vifaa vilirekebishwa. Fundisho ni kwamba hata mashine huwa na uchaguzi wa mtu ndani yake.

Hatua ya tano: Kuisoma picha ya mwingine

Mtoto aliyepita hatua hizi nne arudishwe kwenye vitabu na magazeti. Aulizwe maswali haya kwa mpangilio: Unaona nini? Aliyepiga alisimama wapi? Mwanga ulitoka upande gani? Nini huenda kilikuwa nje ya mpaka? Alitaka tuhisi nini?

Mfano mzuri ni kazi ya Mohamed Amin, mpigapicha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambako alianza kupiga picha angali mwanafunzi. Oktoba 1984 picha zake za televisheni kutoka Korem, Ethiopia, ziliwaonyesha walimwengu watu waliokuwa wakifa kwa njaa, na misaada mikubwa ikafuata. Hapana shaka kwamba picha hizo ziliokoa maisha. Pamoja na hayo, mtazamaji aliyeona ardhi kavu na watu waliokonda aliweza kudhani kwamba ukame ndio sababu pekee. Vita vilivyokuwa vikiendelea nchini humo, ambavyo vilichangia sana njaa ile, havikuingia kwa urahisi katika mpaka wa picha. Mwanafunzi asifundishwe kuidharau picha kwa sababu hiyo. Afundishwe kuitazama, kisha kutafuta yaliyobaki kwa kusoma na kuuliza.

Adabu ya kupiga picha

Mwenye kamera ana mamlaka juu ya asiyekuwa nayo, na mamlaka yana mipaka. Watoto wafundishwe kuomba ruhusa kabla ya kumwelekezea mtu hata dirisha la kadibodi. Mama anayeuza maandazi langoni ana haki ya kukataa. Mwalimu naye ajichunge. Picha ya mtoto akiadhibiwa, akilia, au akiwa na sare iliyochanika, ikiingia katika simu za watu hairudi tena. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini kabla ya sheria kuna utu: tusimwonyeshe mtoto wa mwenzetu kwa namna ambayo tusingependa aonyeshwe wa kwetu.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kopo, kadibodi na nyuzi zatosha kuanzisha somo hili, na kwamba kamera ije baadaye, ikipatikana. Kipimo cha mafanikio kisiwe uzuri wa picha. Mwalimu atajua kuwa somo limeeleweka siku mtoto atakapofungua kitabu, aone picha ya kijiji kinachofanana na chake, na kuuliza: "Mwalimu, mbona hapa hatuoni shule?"

Maswali na mazoezi

1. Tengeneza kopo la giza, kisha kokotoa umbali unaotakiwa ili taswira ya mtu mwenye kimo cha meta 1.6 iwe na urefu wa sentimeta 8, ikiwa kina cha kopo ni sentimeta 15.

2. Chagua picha moja katika kitabu cha kiada cha darasa la 5. Andika maswali 5 utakayowauliza watoto kuihusu, na uonyeshe ni yapi yanahusu yaliyo nje ya mpaka.

3. Andika andalio la somo la zoezi la "Shule Yetu". Eleza utafanya nini iwapo mwalimu mkuu hatafurahishwa na mmoja wa michoro.